Kundi Halijazi Hojaji

"Kulikuwa na tofauti ya maana kitakwimu kati ya makundi matatu." Kati ya sentensi zote za kitaaluma zinazoandikwa nchi hii, hiyo ndiyo ninayoichukia zaidi. Utaikuta katika sura ya nne ya karibu kila tasnifu ya saikolojia inayonipitia mikononi. Makundi hubadilika: vijana wa kaunti tatu, wanafunzi wa bweni na wa kutwa, waumini wa madhehebu haya na yale, na mara nyingi mno, makabila. Sentensi yenyewe haibadiliki. Halafu sura ya tano inaingia na mapendekezo, ati kundi fulani lipewe ushauri nasaha, kundi fulani lihamasishwe, kundi fulani lifanyiwe utafiti zaidi.

Ninachosema ni hiki. Jinsi tunavyoiandika sentensi hiyo, ni uvivu uliovaa suti. Na katika nchi yenye historia kama yetu, ni uvivu wa hatari.

Nijitambulishe ili tusisumbuane baadaye. Naishi Chepsaita, upande wa Turbo, kaunti ya Uasin Gishu. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipoishinda nyumba yetu. Sasa najilipia kodi kwa kuandika, kuhariri na kusafisha data za watu wenye haraka ya kuhitimu. Ujumbe ninaopokea kwa WhatsApp unafanana sana: "Boss, nifanyie ANOVA. Hakikisha p iko chini ya 0.05, nawasilisha Ijumaa." Kazi ya namna hiyo siichukui. Lakini simlaumu sana anayetuma. Ameshafundishwa kwamba utafiti usiopata tofauti ni utafiti ulioanguka. Aliyemfundisha hivyo ndiye ninayegombana naye hapa.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa sababu kifaa hakina kosa. ANOVA, yaani uchanganuzi wa variansi, haikuzaliwa katika maabara ya saikolojia. Ilizaliwa shambani. Mwaka 1919 Ronald Fisher aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, palipokuwa na rekodi za mazao za miaka mingi. Mwaka 1923, yeye na Winifred Mackenzie walichapisha uchanganuzi wa mavuno ya aina mbalimbali za viazi vilivyowekewa mbolea tofauti. Mwaka 1925 kitabu chake cha mbinu za takwimu kikaisambaza njia hiyo kwa watafiti wa kila aina.

Mkulima wa mahindi wa hapa Chepsaita haihitaji shahada ili kuielewa. Ana mbegu tatu na anataka kujua ipi inazaa zaidi. Akipanda kila mbegu kwenye ploti moja tu, hatajua kama kilichoshinda ni mbegu au ni ile kona ya shamba ng'ombe walikolala mwaka jana. Kwa hivyo anakata shamba ploti nyingi, anapiga kura mbegu ipi iende ploti ipi, anapanda, anapalilia zote sawa. Siku ya kuvuna ana maswali mawili. La kwanza: wastani wa mbegu hizi tatu umeachana kiasi gani? La pili: ploti zenye mbegu ile ile zimeachana kiasi gani zenyewe kwa zenyewe? Chukua kipimo cha swali la kwanza, kigawanye kwa kipimo cha swali la pili. Jibu ndilo linaloitwa F. Mbegu chotara zilizotoka Kitale, kuanzia H611 mwaka 1964, ni zao la kazi ya aina hiyo: ploti kwa ploti, msimu kwa msimu, mbegu ikipimwa kando ya mbegu.

Angalia vizuri F ilivyojengwa. Kuna juu na kuna chini. Juu ni tofauti ya kati ya makundi. Chini ni tofauti ya ndani ya makundi. Tasnifu zetu husoma juu tu. Ile ya chini huachwa kwenye jedwali iliyotolewa na programu, bila neno hata moja, kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha chai.

Nipe dakika mbili nikuonyeshe hasara yake kwa hesabu ndogo, mfano wangu tu. Mtihani wa kumbukumbu una maswali 15. Makundi ni matatu, kila moja lina watu watatu. Kundi la kwanza wamepata 4, 5 na 6. La pili 6, 7 na 8. La tatu 8, 9 na 10. Wastani ni 5, 7 na 9. Piga hesabu: F ni 12, p ni 0.008. Msimamizi anatabasamu.

Sasa badilisha watu, wastani ubaki pale pale. Kundi la kwanza wamepata 1, 5 na 9. La pili 3, 7 na 11. La tatu 5, 9 na 13. Wastani bado ni 5, 7 na 9. Ukichora mihimili mitatu ya rangi kwenye slaidi, itakuwa ile ile, hakuna atakayetambua. Lakini F sasa ni 0.75. Haina kitu. Katika kundi "dhaifu" kuna mtu aliyepata 9, naye analingana na wastani wa kundi "bora." Katika kundi "bora" kuna mtu wa 5 ambaye angeachwa nyuma na mtu wa kundi lolote kati ya yale mengine mawili.

Na hata katika ule mfano wa kwanza uliomfurahisha msimamizi, mtu wa 6 wa kundi la kwanza na mtu wa 6 wa kundi la pili wako sawa kabisa. Ukikutana nao barabarani, huwezi kujua nani ametoka wapi kwa kuangalia alama. Wastani haujawahi kufanya mtihani. Hojaji inajazwa na mtu, kwa kalamu yake, na njaa yake, na Kiingereza chake cha shuleni.

Kuna ujanja mwingine unaopita bila kukamatwa. Chukua watu 2,000, wagawe makundi matatu, na useme kundi linaeleza asilimia 1 tu ya tofauti zote za alama. F itafika kama 10 na p itakuwa chini ya 0.001. Tasnifu itaandika "tofauti kubwa sana." Kumbe asilimia 99 ya kinachowatofautisha watu hao iko ndani ya makundi, na hakuna aliyeandika aya moja kuihusu. Sampuli ikiwa kubwa, hata unyoya unaonekana kama ukuta.

Sehemu ya lawama iko kwenye neno lenyewe. Tunasema tofauti "ya maana," na msomaji wa kawaida anasikia "muhimu." Kitakwimu, neno hilo linabeba kitu kidogo zaidi: kama makundi yangekuwa sawa kweli, matokeo yaliyoachana namna hii au zaidi yangetokea mara chache. Basi. Halisemi tofauti ni kubwa. Halisemi imetoka wapi. F yenyewe haisemi hata nani amemzidi nani. Inasema tu kwamba mahali fulani kati ya makundi hayo kuna wastani usiolingana na wenzake. Kujua ni upi, unahitaji jaribio lingine la kulinganisha kundi moja na jingine, na wengi huliruka, wanatazama nani ana wastani mkubwa na kuanza kuhubiri.

Lakini tuseme hesabu imefanywa sawasawa. Bado kuna swali ambalo SPSS haliulizi: ni nani aliyeyatengeneza makundi?

Mkulima alipiga kura. Mbegu haikuzaliwa kwenye ploti yake. Mtafiti wetu wa saikolojia huwakuta watu wakiwa tayari na majina ya ukoo, dini na kaunti, anawapanga kwa foleni hizo kwa sababu ni rahisi, halafu anachukua kifaa kilichotengenezewa kura na kukitumia pasipo kura. Kulinganisha anaruhusiwa. Asichoruhusiwa ni kusema kundi ndilo chanzo.

Hapa kwetu tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Mbio za nyika za Chepsaita huleta wakimbiaji na wageni wengi, na wageni huja na nadharia. Ninayoisikia zaidi ni kwamba Wakalenjin wana "akili ya uvumilivu." Haya, leta hojaji ya uvumilivu. Weka Wakalenjin foleni hii, wengine foleni ile. Katika foleni ya kwanza utampata msichana anayekimbia asubuhi na jioni bila viatu vya maana. Utampata mzee anayepeleka maziwa kwa bodaboda kabla jua halijatoka. Utampata kijana anayehema akipanda kilima kwenda kununua sukari. Wote ni alama moja kwenye safu ya "kabila." Wastani wao utamsema nani? Mwaka 2006 Vincent Onywera na wenzake walipochapisha utafiti wao uliolinganisha wanariadha 404 na Wakenya 87 wasio wanariadha, hawakuishia kuuliza lugha ya nyumbani. Waliuliza pia umbali wa kwenda shule, na kama mtu alikwenda akitembea au akikimbia. Hilo ni swali lenye miguu.

Kwa majirani zetu Wakipsigis kuna somo bora zaidi, na ni la saikolojia hasa. Miaka ya 1950, Marcelle Geber alipima watoto wachanga Kampala na kuripoti kwamba walikuwa mbele ya wenzao wa Ulaya katika ukuaji wa mwili. Kwa miaka mingi jambo hilo likaitwa "wepesi wa mtoto wa Kiafrika," kana kwamba Afrika ni dawa inayonyweshwa. Miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness wakaishi Kokwet, jamii ya wakulima wa Kipsigis. Super aliona kwamba watoto wa pale waliwahi kukaa na kutembea, lakini hawakuwa mbele hivyo katika kutambaa. Kwa nini? Kwa sababu mama wa Kokwet walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea makusudi, na kutambaa hawakukufundisha. Kumbe lile kundi "Waafrika" lilikuwa limeficha kazi ya mikono ya mama. Mtu mmoja akikaa na kuangalia ndani ya kundi, jina la kundi likaacha kueleza chochote.

Ukidhani haya ni maneno ya watu wa vitabu, rudi Nairobi ya miaka ya 1930. H. L. Gordon, daktari wa Hospitali ya Mathari, alikuwa akitangaza kwamba akili ya Mwafrika wa Kenya ina upungufu wa kuzaliwa. F. W. Vint, mwanapatholojia wa serikali, alichukua akili, namaanisha ubongo wenyewe, kutoka kwa maiti za Waafrika, akaupima na kuulinganisha na wastani wa Wazungu, akachapisha mwaka 1934. Wastani dhidi ya wastani. Waliokufa hospitalini katika koloni, wengine wakiwa wameishi na utapiamlo na maradhi, wakawekwa kando ya namba za Ulaya, na pengo likaitwa rangi. Mwaka 1933 wakaunda Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Na mwaka huo huo wa 1933, London, Fisher mwenyewe aliteuliwa kuwa profesa wa yujeniksi. Mtu aliyetufundisha kupiga kura ploti kwa ploti aliamini kwamba binadamu wanaweza kupangwa kama mbegu. Sisemi tutupe F kwa sababu ya imani zake. Nasema kifaa kizuri hakimlindi anayekishika dhidi ya makundi aliyokuja nayo kichwani.

Sasa njoo karibu. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, watu wakisemwa "wana tofauti," maana yake wamekosana. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humo ndani kwa sababu ya kundi walilohesabiwa. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima katika vurugu zile. Hakuna tasnifu iliyowasha kiberiti, na sitasema hivyo. Lakini kuna namna ya kufikiri iliyowasha: kwamba ukishajua kundi la mtu umeshamjua mtu. Sentensi yetu ya sura ya nne, ikiandikwa kivivu, inafundisha somo hilo hilo kwa sauti ya upole na kwa muhuri wa chuo. Mwanafunzi wa ushauri nasaha anayehitimu akiamini kwamba kabila fulani lina wastani wa juu wa hasira ataketi kesho mbele ya mteja wa kabila hilo. Atasikiliza nini?

Mtu ataniuliza, basi tusilinganishe makundi kabisa? La. Tulinganishe kama walivyofanya Embu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walichukua shule 12 za msingi za wilaya ya Embu na watoto 555 wa darasa la kwanza. Shule ziligawanywa makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama. La pili, githeri na maziwa. La tatu, githeri iliyoongezwa mafuta. La nne halikupewa chakula cha mradi, ili kuwe na cha kulinganishia. Kwa muda wa miaka miwili hivi watoto walipimwa tena na tena kwa majaribio ya akili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokula nyama waliwapita wote katika jaribio la Raven la kutambua ruwaza. Katika hesabu, waliokula nyama na walioongezewa mafuta waliwapita wasiopewa kitu. Katika kuelewa maneno, makundi hayakutofautiana.

Ona uzuri wake. Kundi hapa ni chakula, ni sufuria. Linaweza kubadilishwa Jumatatu asubuhi na mpishi wa shule. Tofauti ilipopatikana, ilisema kitu mzazi anaweza kukifanyia kazi. Na ilipokosekana, waliandika kwamba imekosekana, dunia haikuanguka. Na kuna somo jingine la wazi kwa wanaonitumia ujumbe: waliogawanywa ni shule, si mtoto mmoja mmoja. Watoto wa shule moja wana mwalimu mmoja, barabara moja, ukame mmoja. Ukiwahesabu 555 kama watu 555 wasiojuana, umejidanganya, kwa sababu shule ni 12 tu, wastani wa tatu kwa kila kundi. Tasnifu ngapi zetu zimekwenda shule mbili, zikakusanya hojaji 200, na kujifanya zina ushahidi kutoka kwa watu 200 huru?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Lakini tofauti za makabila na kaunti zipo kweli kwenye data." Zipo, wakati mwingine. Ndiyo maana nauliza zinabeba nini. Mtoto wa ndani Pokot Magharibi na mtoto wa katikati ya Eldoret wakifanya jaribio la kumbukumbu kwa Kiingereza, umepima kumbukumbu au umepima umbali wa maktaba? Kabila kwenye jedwali ni gunia. Ndani yake kuna barabara, ardhi, shule, lugha ya mtihani, chakula cha jioni. Fungua gunia. Ukishindwa kulifungua, usiandike lebo yake kama jibu.

La pili: "Wewe ni nani? Hukumaliza chuo." Sikumaliza, ni kweli. Lakini 96 ukigawanya kwa 6 ni 16 hata kwa mtu asiye na joho, na 12 kwa 16 ni 0.75. Fanya hesabu ya mfano wangu kwa kalamu, uone.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu linatoka kwa wanafunzi: "Msimamizi hawezi kupitisha utafiti usio na tofauti." Hapo ndipo napeleka madai yangu, kwa wasimamizi na kamati zinazotia sahihi. Mwanafunzi akileta ANOVA, mwambie aonyeshe alama zote, nukta kwa nukta, asilete mihimili mitatu ya wastani. Mwambie aandike aya nzima kuhusu tofauti ya ndani ya makundi kabla hajagusa ya kati. Mwambie aseme kundi linaeleza asilimia ngapi ya tofauti yote, kwa namba. Muulize ni nani aliyeyaunda makundi na kwa nini hayo, si mengine. Muulize kama kinachoitwa kundi ni kitu ambacho mtu anaweza kupewa, kufundishwa au kulishwa, ama ni jina tu alilozaliwa nalo. Na akikuletea matokeo yanayosema makundi hayakutofautiana, mpe alama zake, kwa sababu amefanya kazi.

Msimamizi asiyeuliza hayo asitie sahihi. Na akitia, jina lake likae chini ya ile sentensi, karibu na la mwanafunzi, tulisome wote.